Kupe la dizeli na lita 100 za msikiti

Mwanzoni mwa mwaka jana niliuza gari langu la petroli lililokuwa limechoka, nikaongezea akiba ya miaka mitatu, nikanunua gari jingine lililokwisha kutumika. Namshukuru Allah (SW) kwamba sikukopa kwa riba. Lilikuwa gari la dizeli, injini ya lita 2, la mwaka 2009, lililoletwa kutoka Uingereza ambako usukani huwa kulia kama kwetu. Lilikuwa na milango miwili tu, na paa lake liliteremka nyuma kama mgongo wa samaki. Umbo hilo Wazungu huliita kupe.

Sisi Waswahili tunamjua kupe mwingine. Mke wangu alipolisikia jina hilo alicheka hata akaketi kitako. "Baba watoto," akasema, "umetoa fedha zote hizo kununua mdudu wa kunyonya damu?" Tangu siku hiyo wanetu watatu hawakuliita gari kwa jina la kampuni iliyolitengeneza. Waliliita Kupe, na mtaa mzima ukafuata.

Sababu niliyoitoa nyumbani ilikuwa mafuta. Nilisema kwamba gari la dizeli lina matumizi madogo, na kwamba tofauti itatusaidia kulipa ada. Sababu hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Lita moja ya dizeli hubeba nishati zaidi ya lita moja ya petroli kwa kiasi cha asilimia 10 au zaidi kidogo, na injini ya dizeli hugandamiza hewa kwa nguvu kubwa zaidi kabla ya mafuta kuwaka, kwa hiyo hupata kazi nyingi zaidi kutokana na kila tone. Lakini ningekuwa natafuta mafuta tu, yalikuwapo magari ya dizeli ya milango minne kwa bei ile ile. Nililipenda umbo lile. Nafsi ina ujanja wa kuivisha tamaa nguo ya hesabu, na mimi ambaye nimesoma chuo cha dini na kufundisha wengine habari za nafsi, sikuutambua ujanja huo ulipokuwa kwangu.

Aliyeniuzia alikuwa Muislamu mwenzangu, mtu wa maneno laini. Alinionesha kitabu cha gari kilichoandikwa kwamba linatumia lita 5.2 kwa kila kilomita 100, yaani kilomita 19 na kitu kwa lita moja. "Ustadhi," akaniambia, "hili utajaza tangi ukasahau sheli iko wapi." Tukaandikiana mbele ya mashahidi wawili, nikamkabidhi fedha, tukaombeana kheri.

Siku ya tisa, nikiwa katika foleni ya Barabara ya Kilwa, taa ya rangi ya chungwa iliwaka kwenye dashibodi. Fundi aliyelipima gari kwa kompyuta alinieleza kwamba magari ya dizeli ya Ulaya ya miaka ile yana chujio la masizi katika bomba la moshi. Chujio hilo hukamata masizi yasitoke hewani, kisha hujisafisha lenyewe kwa kuyachoma kwa joto linalokaribia nyuzi 600. Ili lifike joto hilo, gari linahitaji kwenda mwendo wa barabara kuu kwa muda bila kusimama simama. Gari linaloishi katika foleni halipati nafasi hiyo. Masizi hujaa, injini huhema kama mtu aliyezibwa pua, na kila mara kompyuta ya gari inapojaribu kulisafisha chujio humwaga mafuta ya ziada ili kupandisha joto. Nilipomuuliza kama dizeli yetu ndiyo mbaya, alisema kwamba tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zimeshusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa kila milioni, kwa hiyo nisiyalaumu mafuta. "Lako ni ugonjwa wa foleni," akasema. Kisha akaongeza jambo lililonichoma: kumbukumbu za kompyuta zilionesha kuwa hitilafu ile ilifutwa siku moja kabla ya mimi kulinunua.

Wasomaji watakumbuka kisa kilichopokewa na Imamu Muslim, cha Mtume (SAW) alipopita sokoni akaingiza mkono wake katika rundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu chini. Muuzaji akajitetea kwamba kilinyeshewa. Mtume (SAW) akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, na akajitenga na mwenye kughushi. Nimekisomesha kisa hicho darasani mara nyingi. Siku ile, katika gereji iliyojaa harufu ya oili, nilikiona kama kimeteremshwa kwa ajili ya yule aliyeniuzia gari. Kufuta taa ya hitilafu usiku wa kuamkia mauzo ni kuweka chakula kikavu juu ya kilicholowa.

Nilikwenda kwa imamu wetu kumuuliza haki yangu. Fiqhi inampa mnunuzi hiari ya kurejesha bidhaa akiikuta na aibu iliyokuwapo kabla ya mauzo naye hakuijua. Imamu alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Ulijua lini?" Nikamwambia ni wiki tatu zilizopita. "Na tangu hapo umelitumia?" Nikasema ndiyo, kila siku, kwa sababu nilikuwa na shughuli. Akatikisa kichwa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu katika pwani hii, mwenye kuigundua aibu hutakiwa airejeshe bidhaa mara moja. Akiendelea kuitumia kwa ridhaa yake, huhesabiwa ameiridhia. Mwanachuoni niliyeandika mtihani kuhusu suala hilo nilikuwa mimi, na aliyelisahau lilipomfika nilikuwa mimi vilevile.

Nilimfuata muuzaji hata hivyo. Alinipokea kwa heshima, akanikaribisha chai, kisha akasema, "Ustadhi, gari ni la mkononi. Ulilikagua mwenyewe, ukaliendesha mwenyewe." Nikamtajia ile kumbukumbu ya kompyuta. Akanyamaza, akaangalia kikombe chake. Hakukanusha wala hakukiri, na hakutoa hata shilingi moja. Niliondoka nikiwa na hasira ambayo ilinisindikiza kwa miezi.

Fundi mwingine alinishauri njia ya mkato: tulikate chujio, tuliondoe kabisa, gari lipumue. Gharama yake ilikuwa ndogo. Nilimuuliza masizi yatakwenda wapi, akacheka: "Yatakwenda kwa walio nyuma yako." Walio nyuma yangu ni waendesha bodaboda, akina mama waliobeba watoto mgongoni, na wanafunzi wa madrasa yetu wanaovuka barabara saa nane mchana. Fiqhi ina kanuni inayokataza kudhuru, na sikuona namna ya kuikwepa. Nililipa shilingi 480,000 chujio likafunguliwa, likasafishwa na kurudishwa. Fedha hiyo ilikuwa ya ada.

Hapo ndipo nilipoanza kupima mafuta. Nakiri kwamba sikuanza kwa ajili ya uchaji bali kwa hasira. Nilitaka nimwoneshe yule bwana kwa namba kwamba hata kauli yake ya lita 5.2 ilikuwa uongo. Nilinunua kijitabu cha shilingi 500, nikakiweka ndani ya gari pamoja na kalamu.

Njia ya kupima ni nyepesi, na nataka kila mwenye gari aijue. Jaza tangi hadi pampu ijifunge yenyewe, kisha andika namba za kilomita. Tumia gari kama kawaida yako. Siku ya kujaza tena, rudi kwenye sheli ile ile na pampu ile ile ikiwezekana, ujaze hadi pampu ijifunge, uandike lita zilizoingia na kilomita ulizokwenda. Gawanya kilomita kwa lita. Usilihukumu gari kwa tangi moja. Andika matangi matano au sita, kwa maana tangi moja linaweza kukudanganya kwa kujaa kidogo zaidi au pungufu. Usiitegemee sana namba inayooneshwa na dashibodi. Katika tangi moja dashibodi yangu ilisema lita 7.6 kwa kilomita 100, na hesabu ya pampu ikatoa lita 8.3. Ilikuwa imelipendelea gari kwa asilimia 8 hivi.

Matokeo yalikuwa haya. Tangi la kwanza, kabla chujio halijasafishwa, nilikwenda kilomita 412 kwa lita 40.4. Hizo ni kilomita 10 na kidogo kwa lita moja, katika gari lililosifiwa kwenda 19. Baada ya matengenezo, na baada ya kujaza upepo wa matairi ambao ulikuwa umepungua mno, nilikwenda mjini humo humo kilomita 455 kwa lita 37.6, yaani kilomita 12 kwa lita. Tulipokwenda Morogoro kwenye harusi na kurudi, kwa mwendo wa pole na kwa kuheshimu vibao vya 50 vijijini, kilomita 398 zilitumia lita 22.9 tu. Hizo ni zaidi ya kilomita 17 kwa lita. Siku hiyo Kupe lilikuwa gari jingine kabisa, na hata mke wangu aliyelikebehi alilisifu. Miezi sita ilipotimia nilikuwa nimekwenda kilomita 5,460 kwa lita 420. Wastani wake ni kilomita 13 kamili kwa lita moja.

Je, kitabu kilisema uongo? Nilijisomea, nikakuta jambo lenye mazingatio. Namba zile za Ulaya zilitokana na jaribio la maabara lililotumika hadi lilipoanza kubadilishwa mwaka 2017. Gari halikutoka barabarani. Lilizungusha magurudumu yake juu ya mitambo kwa dakika kama 20, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 34 hivi kwa saa, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Watafiti wa taasisi ya ICCT waliolinganisha namba za maabara na matumizi ya barabarani walikuta kwamba mwaka 2001 tofauti ilikuwa chini ya asilimia 10, na kufikia mwaka 2015 ilikuwa imefika asilimia 40 hivi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo haikuwa uvunjaji wa sheria. Watengenezaji walijifunza tu kulifaulu jaribio. Kila mianya iliyoachwa wazi waliitumia, na karatasi ikawa nzuri kuliko gari.

Wengine walivuka hata mpaka huo. Mwezi Septemba mwaka 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Volkswagen iliweka katika magari yake ya dizeli programu inayotambua kuwa gari linapimwa, likasafisha moshi wake mbele ya wapimaji, kisha likaendelea kuchafua hewa likirudi barabarani. Kampuni yenyewe ilikiri kwamba magari kiasi cha milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Niliposoma habari hiyo nilifungua Msahafu kwenye sura ya 83, inayowaonya wale ambao wakipimiwa hutaka kipimo kitimie, na wao wakiwapimia watu hupunguza. Nikasema moyoni: hawa ndio wenyewe. Wazungu na vipimo vyao, na yule bwana na taa yake.

Allah (SW) hakuniacha na furaha hiyo muda mrefu.

Kila baada ya miezi sita katibu na mhazini huandaa taarifa ya mapato na matumizi ya msikiti. Safari za kamati tunazifanya kwa magari yetu wenyewe: kukagua madrasa zilizo chini yetu, kufuatilia hati ya kiwanja cha wakfu, kupokea wageni, kwenda mazishini. Anayetumia gari lake hujaza fomu ya kilomita na kurudishiwa fedha ya mafuta. Kiwango kiliwekwa zamani, katibu aliyenitangulia alipokuwa na gari kubwa la petroli: kila kilomita 8 hulipwa bei ya lita moja. Gari langu la awali lilikuwa karibu na hapo, kwa hiyo hakuna aliyewahi kukiuliza kiwango hicho.

Usiku ule nilikuwa mezani, fomu zangu upande mmoja na kijitabu changu cha mafuta upande mwingine. Kwa miezi sita nilikuwa nimefanya safari za msikiti za kilomita 2,080. Hazikuwa na walakini, na sikuongeza hata kilomita moja. Kwa kiwango cha 8, msikiti ulinilipa lita 260. Nikautazama wastani wangu katika kijitabu, kilomita 13 kwa lita. Nikagawanya. Lita nilizotumia zilikuwa 160.

Nilirudia hesabu mara tatu. Bei ya dizeli hubadilika kila mwezi EWURA inapotangaza bei kikomo, lakini tukiikadiria kuwa shilingi 3,000 kwa wepesi wa hesabu, lita 100 ni shilingi 300,000. Fedha ile inatoka katika kapu la Ijumaa. Ninalihesabu kapu hilo kwa mikono yangu, na najua lina nini: noti chache na sarafu nyingi. Shilingi 300,000 ni sarafu 600 za shilingi 500, na nyingi zimetoka kwa wazee ambao hutembea kwa miguu kuja msikitini ili nauli iwe sadaka.

Uongo haukuwa katika kilomita, ulikuwa katika kigawanyo. Nami nilikijua kigawanyo cha kweli tangu mwezi wa pili, kwa kuwa nilikuwa nimekipima kwa makini kuliko mtu yeyote mtaani, nikakiandika kwa wino katika ukurasa wa kijitabu, na kila mwisho wa mwezi nikajaza fomu kwa kile cha zamani. Mtu aliyefuta taa usiku mmoja nilimsema kwa miezi sita. Mimi taa yangu niliifuta kila mwezi.

Mke wangu alikuwa bado macho. Nilimwonesha karatasi. Alizisoma namba, kisha akaniuliza kwa upole kama sikulipa 480,000 za chujio kwa gari hilo hilo linalotumikia msikiti. Swali lake lilikuwa la haki, na nakiri nilitamani liwe ndilo jibu. Oili nanunua mimi, matairi nanunua mimi. Kwa nini lita 100 zile zisihesabiwe kuwa ni fidia ya uchakavu? Nilikwenda kabatini nikautoa muhtasari wa kikao kile cha zamani. Uliandikwa "fidia ya mafuta". Haukutaja oili, matairi wala uchakavu. Yawezekana kamati ingekubali kunilipa uchakavu kama ningeomba, lakini sikuomba. Mwenye kushika amana hajikatii mwenyewe ujira wake gizani, kisha akautafutia jina mchana. Mke wangu aliikunja karatasi akanirudishia. "Basi kupe hakuwa gari," akasema. Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana iliniuma.

Katika kikao kilichofuata niliomba ajenda ya mwisho iwe yangu. Nilisambaza nakala ya hesabu, nikaeleza. Mhazini alisema nisijitese, kwani nilifuata kiwango kilichopitishwa. Mzee mmoja alisema gari la katibu ni gari la msikiti, na yeye angeniongezea badala ya kupunguza. Mjumbe mwingine, ambaye naye hulipwa kwa pikipiki yake, alinitazama kwa jicho la mtu aliyefunguliwa mlango akiwa hajavaa. Mwenyekiti aliniuliza swali moja tu: "Ulijua?" Nikamjibu kwamba nilijua tangu mwezi wa pili. Akaniomba nitoke nje ili wajadili.

Niliketi barazani karibu nusu saa, viatu vya wajumbe vimepangwa mbele yangu, nikisikia sauti zao bila kuyasikia maneno. Sikumbuki kikao cha msikiti ambacho kiliwahi kuniogopesha namna ile. Waliponiita, uamuzi ulikuwa huu: nitarejesha shilingi 300,000 kwa awamu tatu; kila chombo kinachotumika kwa safari za msikiti kitapimwa kwa matangi matano na kulipwa kwa kipimo chake, na kipimo kitarudiwa kila miezi sita; na kutakuwa na posho ya matengenezo ya shilingi 20,000 kwa mwezi, iliyoandikwa waziwazi katika muhtasari. Nikauandika muhtasari huo kwa mkono wangu. Yule mjumbe wa pikipiki hakunipa salamu kwa wiki mbili. Awamu ya tatu nimeilipa mwezi uliopita, walhamdulillah.

Nawaandikia wenzangu haya kwa sababu wengi wetu tunapima. Kuna anayepima sukari dukani, kuna anayepima kitambaa kwa futi, kuna anayejaza saa za kazi katika daftari la ofisi, na kuna anayedai nauli ya safari aliyopewa lifti. Mara nyingi hatusemi uongo wowote. Tunakiacha tu kiwango cha zamani kiendelee kutufaidisha, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Watu wa Madyan waliotumiwa Nabii Shuaib (AS) hawakuwa wageni kwa mizani. Walikuwa wafanyabiashara walioijua vizuri, na ndiyo maana walijua namna ya kuipunja.

Kwa anayetaka kununua gari la dizeli lililotumika, ninayo machache. Ukiishi ndani ya mji na safari zako ni fupi, fikiri mara mbili, kwa maana utalipia foleni kwa njia ya chujio. Ukisafiri mikoani kila wiki, huenda likakufaa sana. Lipeleke kwa fundi wako, si wa muuzaji, alipime kwa kompyuta, naye aangalie pia hitilafu zilizofutwa karibuni. Liendeshe angalau nusu saa likiwa na joto. Namba ya kitabu ichukulie kuwa ya kulinganisha gari na gari, usiifanye ahadi ya mfukoni mwako. Kwa mjini ongeza nusu yake uwe salama. Na ukigundua aibu, usingoje kama nilivyongoja. Rudi siku hiyo hiyo.

La mwisho, mkumbuke atakayeketi kiti cha nyuma. Mwezi wa Shaabani mama yangu mkubwa alifariki, Allah amrehemu. Nilimfuata mama yangu mzazi ili nimpeleke mazikoni kwa dada yake. Kiti cha mbele alikalia mjomba, ambaye mguu wake haukunjiki. Mama alijaribu kupenya nyuma mara mbili, akishika paa kwa mkono mmoja na kanga kwa mwingine, akashindwa. "Tangulia mwanangu," akaniambia, "mimi nitakuja na bajaji." Niliendesha mbele, naye akanifuata nyuma katika bajaji, kwenye vumbi, siku ya msiba wa dada yake. Safari ile ilikuwa ya kilomita 6. Haimo katika kijitabu changu, lakini ndiyo niliyoipima kuliko zote.

Kwa hiyo Kupe linauzwa. Nimeandika karatasi ya kumpa kila anayekuja kuliona: mjini kilomita 12 kwa lita, barabara kuu 17, wastani 13, chujio liliziba, limesafishwa, na likibaki mjini litaziba tena, wazee hawawezi kuingia nyuma. Kuhusu yule aliyeniuzia, sitadai kwamba moyo wangu umemsafia kabisa, lakini nimeacha kumsimulia kwa watu, kwa kuwa kila nilipomsimulia nilikuwa naila nyama yake bila kupata hata shilingi.

Wanunuzi wawili wameshakuja. Walilizunguka gari, wakalisifu, wakasoma karatasi, wakaaga kwa adabu. Mke wangu ananiambia nivute subira, kwani kupe hatoki kirahisi. Nami nasubiri, karatasi ikiwa juu ya kiti cha mbele, mahali inaposomeka.

Wabillahi tawfiq.